Winter Sonata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Joon-sang na Yu-jin

Tamthilia hii ilimaliza kurushwa Korea Kusini mwezi Machi 2002, lakini watu bado wananiuliza maswali yale yale: ndugu zangu, wenzangu wa kazini, na watu waliopewa flashi yenye sehemu zote wakakesha nayo wikiendi nzima. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Kama hujaimalizia, soma kundi la kwanza na la pili tu, na uruke swali la "Yu-jin-ssi". Kuanzia "Hadithi yenyewe" nafichua kila kitu, mpaka mwisho.

## Kwa anayeanza

Winter Sonata ni tamthilia gani hasa?

Ni tamthilia ya mapenzi ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha KBS2 kuanzia 14 Januari hadi 19 Machi 2002, usiku wa Jumatatu na Jumanne. Kwa Kikorea inaitwa Gyeoul Yeonga, yaani wimbo wa mapenzi wa majira ya baridi. Mwongozaji wake ni Yoon Seok-ho, na hadithi iliandikwa na Yoon Eun-kyung na Kim Eun-hee.

Baridi inayotajwa kwenye jina si kipupwe chetu cha Juni na Julai ambacho sweta moja linakitosha. Ni baridi ya theluji mpaka magotini, ya maziwa kuganda na pumzi kutoka mdomoni kama moshi. Ukiangalia, zingatia hilo, kwa sababu karibu kila jambo kubwa linatokea theluji ikianguka au ikiwa imelala chini.

Inahusu nini, bila kuniharibia?

Kijana wa sekondari, Kang Joon-sang, anahamia shule ya mji wa Chuncheon akitokea Seoul. Ni mkimya, ana akili sana darasani, na hana rafiki. Anakutana na Jeong Yu-jin, msichana mchangamfu anayechelewa basi kila asubuhi. Wanapendana. Kisha kunatokea ajali, na Yu-jin anaambiwa Joon-sang amekufa.

Miaka 10 baadaye, siku ya kuvishwa pete ya uchumba na rafiki yake wa utotoni, Yu-jin anamwona barabarani mwanamume mwenye sura ile ile. Mwanamume huyo anaitwa Lee Min-hyung, amekulia Marekani, na hamjui kabisa.

Ina sehemu ngapi?

Sehemu 20, kila moja saa moja hivi. Haina msimu wa pili.

Nianze na zile nyingine za misimu ya mwaka?

Hapana, si lazima. Yoon Seok-ho alitengeneza tamthilia nne, kila moja na msimu wake: Autumn in My Heart mwaka 2000, hii ya baridi 2002, Summer Scent 2003 na Spring Waltz 2006. Hakuna mhusika anayevuka kutoka moja kwenda nyingine. Kinachoziunganisha ni jicho la mwongozaji, yaani miti, mwanga wa jioni, piano, na watu wanaopendana wakiwa wadogo halafu wakapotezana. Ukipenda hii ya baridi, ile ya vuli itakuumiza zaidi.

Naweza kuangalia na wazazi au watoto sebuleni?

Unaweza. Hakuna uchi, na mabusu yanahesabika. Nawatahadharisha wazazi kuhusu jambo moja tu: kuna usiku mmoja wa hotelini katikati ya tamthilia ambao si wa kumwachia mtoto mdogo aangalie bila maelezo. Nimeueleza kwenye swali la Sang-hyuk.

Inakwenda polepole mno. Inachangamka lini?

Wengi wetu tuliingia kwenye tamthilia za Kikorea kupitia Jumong, tukizoea farasi, mapanga na mtu kuchomwa mkuki kabla chai haijapoa. Hii haiendi hivyo. Hapa stelingi anaweza kutumia dakika tatu kumfunga mwenzake skafu shingoni, na dakika hizo tatu ndizo hadithi. Jipe sehemu mbili za mwanzo, ambazo ndizo za shuleni. Kama theluji ya kwanza haijakugusa, iache kwa amani.

## Waigizaji na majina

Nani ni nani?

Bae Yong-joon anaigiza Kang Joon-sang na Lee Min-hyung. Choi Ji-woo ni Yu-jin. Park Yong-ha ni Kim Sang-hyuk, mchumba wake. Park Sol-mi ni Oh Chae-rin, rafiki wa shule anayerudi kutoka Ufaransa akiwa na Min-hyung. Mama mzazi wa Joon-sang, mpiga piano Kang Mi-hee, ameigizwa na Song Ok-sook, na ukiniuliza mimi, yeye ndiye anayebeba uzito kuliko wote.

Majina ya Kikorea huanza na la ukoo. Kwa hiyo "Kang" ndiyo ukoo na "Joon-sang" ndilo jina lake. Shika hilo, maana jina la ukoo lina kazi kubwa kwenye hadithi hii.

Kwa nini wakati mwingine anamwita "Yu-jin-ssi" na wakati mwingine "Yu-jin-a"?

Swali hili nalipenda, kwa sababu tafsiri nyingi zinalimeza jambo hili kabisa. "-ssi" ni heshima ya watu wazima wasio na mazoea, kama sisi tunavyosema "dada Yu-jin" kwa mtu wa ofisi nyingine. "-a" ni ya marafiki waliokua pamoja, au ya mkubwa kwa mdogo.

Min-hyung, mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi aliyekutana na Yu-jin kikazi, anamwita Yu-jin-ssi. Joon-sang wa shuleni alimwita Yu-jin-a. Baada ya ajali ya pili, Min-hyung anapozinduka kitandani hospitalini na kutamka jina lake kwa namna ile ya zamani, Yu-jin anajua pale pale nani amerudi. Usiposikia tofauti hiyo ya silabi moja, utashangaa analia nini. Ndiyo maana nawaomba watu waangalie yenye sauti ya Kikorea na maandishi chini, hata kama macho yatachoka.

Waigizaji wenyewe wako wapi sasa?

Bae Yong-joon aliigiza tamthilia chache baada ya hapo. Kubwa ya mwisho akiwa stelingi ilikuwa The Legend, mwaka 2007. Baadaye alijikita kwenye biashara ya burudani, akaoa mwaka 2015. Choi Ji-woo aliendelea kuigiza na aliolewa mwaka 2018.

Park Yong-ha, Sang-hyuk wetu, alifariki mwezi Juni 2010 akiwa na umri wa miaka 32. Alikuwa pia mwimbaji, na Japani alipendwa sana kwa nyimbo zake. Kila ninaporudia tamthilia hii huwa namwangalia kwa macho tofauti na mwanzo.

## Hadithi yenyewe

Ni nini hasa kilichowatenganisha?

Watu hujibu haraka: lori. Joon-sang aligongwa usiku wa mkesha wa mwaka mpya akikimbilia mahali walipoahidiana kukutana, na Yu-jin akasimama kwenye baridi akisubiri mtu ambaye hakufika. Ni kweli. Lakini jiulize kwa nini usiku ule alikuwa akikimbia akiwa amechelewa, wakati ahadi aliiweka mwenyewe.

Joon-sang alikwenda Chuncheon kumtafuta baba yake. Hakuwahi kuambiwa ni nani. Mkononi alikuwa na picha ya mama yake enzi za ujana, na fununu kwamba baba ni profesa Kim Jin-woo, ambaye ni baba yake Sang-hyuk. Ndiyo maana alimchukia Sang-hyuk tangu siku ya kwanza. Kisha akaenda nyumbani kwa kina Yu-jin, akafunguliwa albamu, na mle akaona picha ile ile ya zamani, safari hii pamoja na marehemu baba yake Yu-jin. Kijana wa miaka 17 au 18, amesimama sebuleni kwa msichana anayempenda, anafikia hesabu moja tu: huyu ni dada yangu.

Hakumwuliza mtu. Angemwuliza nani? Mama yake alikuwa amemfungia mlango huo maisha yake yote. Alichofanya ni kukubali kwenda Marekani na mama yake bila kuaga. Njiani kuelekea uwanja wa ndege akaikuta glavu ya Yu-jin, akashindwa, akashuka kwenye gari na kuanza kukimbia kurudi. Hapo ndipo lori lilipomkuta.

Baada ya ajali, alipopoteza kumbukumbu, mama yake alifanya uamuzi mwingine. Kwa msaada wa daktari wa akili alimjengea mwanawe kumbukumbu mpya: jina jipya, ukoo wa mume aliyeolewa naye, utoto wa Marekani wenye baba. Alitaka mtoto aanze upya bila aibu ya kutokuwa na baba. Kule Chuncheon wanafunzi wenzake wakaambiwa amefariki.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: waliotenganisha watoto hawa ni wazazi, kwa kunyamaza. Lori lilikuja baadaye. Ukiishika hivyo, sehemu 18 zinazofuata hazikushangazi tena, kwa sababu kila kikwazo kipya ni siri ile ile ya zamani imerudi kwa mlango mwingine.

Sasa ni ndugu au si ndugu?

Si ndugu. Joon-sang na Yu-jin hawana damu moja. Joon-sang na Sang-hyuk ndio ndugu, baba yao ni mmoja, profesa Kim Jin-woo.

Mkanganyiko unatoka kwa Mi-hee. Alimpenda Jeong Hyun-su, baba yake Yu-jin, lakini Hyun-su akaoa mwanamke mwingine. Kwa uchungu Mi-hee alijaribu kujiua ziwani, na Jin-woo, aliyekuwa akimpenda kimyakimya, ndiye aliyemwokoa. Mimba ilitoka kwa Jin-woo. Mi-hee akajiaminisha kwamba mtoto ni wa yule aliyempenda, na Joon-sang na Yu-jin walipokaribia kuoana, akatamka hivyo kama ukweli.

Kuna wanaosema ni uongo wa makusudi. Mimi naona ni mtu aliyeurudia uongo moyoni mpaka ukawa kumbukumbu yake. Mama aliyembadilishia mwanawe kumbukumbu alikuwa ameshajibadilishia za kwake.

Kwa nini suala la baba lilikuwa zito hivyo? Si angemlea tu mwenyewe?

Alimlea mwenyewe. Shida ni sheria na jamii ya Korea ya wakati ule. Kulikuwa na mfumo wa daftari la familia ulioitwa hoju, ambamo kila familia iliandikwa chini ya mkuu wake mwanamume, na mtoto alifuata ukoo na daftari la baba. Mtoto ambaye baba yake hajulikani aliandikwa kwa ukoo wa mama. Rudi sasa kwenye jina: Kang Joon-sang, mwana wa Kang Mi-hee. Mkorea wa mwaka 2002 akisikia tu majina hayo mawili pamoja, alishaelewa. Kijana huyu alitembea na siri ya mama yake kwenye kitambulisho na kwenye daftari la mwalimu.

Bunge la Korea Kusini lilipitisha kuufuta mfumo huo mwaka 2005, na ukaisha rasmi mwanzoni mwa 2008. Sisi hatuhitaji maelezo marefu hapa. Mtaani kwetu pia kuna watoto ambao ukiuliza baba yao ni nani, watu wazima wanabadilisha mazungumzo.

Sang-hyuk ni mtu mwema au mbaya?

Hapa ndipo familia zinapogawanyika. Dada yangu mkubwa anamtetea mpaka leo: alimpenda Yu-jin tangu utotoni, alikaa naye miaka 10 ya msiba, akamvumilia akimlilia mtu mwingine. Yote ni kweli.

Lakini angalia anachofanya anapoanza kumpoteza. Anampeleka Yu-jin hotelini usiku na kutaka kumlazimisha, mpaka Yu-jin anamkimbia. Baadaye anagoma kula mpaka analazwa hospitalini, na Yu-jin anarudi kwake kwa huruma na hatia. Huko ni kumshika mtu mateka kwa kutumia mwili wako mwenyewe. Sitasema ni mapenzi makubwa kwa sababu tu alilia.

Kinachomkomboa kinakuja mwishoni, anapojua ukweli kuhusu baba yake. Angeweza kunyamaza. Watu wazima wote wa tamthilia hii wamenyamaza, na ukimya ungemrudishia Yu-jin. Yeye anasema. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati yake na kizazi cha wazazi wake, na ndiyo sababu nimemsamehe, ingawa ule usiku wa hoteli siusahau.

Na Chae-rin?

Anadanganya mapema, anamwambia Min-hyung kwamba Yu-jin huwanasa wanaume kwa kisingizio cha kufanana na mpenzi wake wa kwanza. Uongo huo unawachelewesha kwa sehemu kadhaa. Zaidi ya hapo ni msichana aliyependa asikopendwa. Hastahili matusi yote anayotukanwa.

Inawezekana kweli mtu akasahau maisha yote namna ile?

Kwa kiasi kile, ni hadithi. Watu wanaoumia kichwa kwa kawaida hupoteza kumbukumbu za muda wa ajali na siku au wiki za karibu yake, na nyingi hurudi taratibu. Kusahau utoto mzima ni nadra sana. Kupandikiziwa utoto mwingine ukakaa nao miaka 10 bila ufa, hapana.

Damu kuvilia ndani ya fuvu baada ya kugongwa, jambo linalomsumbua Joon-sang mwishoni, ni la kweli na ni la hatari. Mtu akigongwa kichwa, hata akiamka anacheka, apelekwe hospitali, na aendelee kuangaliwa kwa wiki kadhaa.

Mwisho unasemaje? Anapona?

Anaishi, lakini anapoteza uwezo wa kuona. Ajali mbili, ya ujana na ile ya pili alipomsukuma Yu-jin asigongwe na gari akagongwa yeye, zimemwachia tatizo kichwani linalohitaji upasuaji. Anakwenda Marekani kutibiwa. Yu-jin anakwenda Ufaransa kusoma.

Miaka mitatu baadaye Yu-jin anasikia habari za nyumba iliyojengwa kisiwani, inayofanana na mfano alioubuni yeye na kuamini kwamba haijengeki. Anakwenda. Nyumba iko kama alivyoichora. Aliyeijenga anaingia akipapasa njia, anahisi kuna mtu, anaita jina lake.

Hiyo ni furaha au huzuni?

Mimi nalia kila mara, na nalia kwa furaha. Miaka yote Joon-sang aliona bila kumtambua Yu-jin: alimtazama usoni mezani, kazini, kwenye gari, na hakujua ni nani. Siku haoni kabisa, anamjua kabla hajasema neno.

Ile nyota ya kwenye mkufu ina maana gani?

Ni Polaris, nyota ya kaskazini. Yu-jin anaambiwa kwamba nyota nyingine husogea kadiri usiku unavyokwenda lakini hii hukaa mahali pake, kwa hiyo aliyepotea aitafute. Kampuni ya usanifu anayofanyia kazi Yu-jin nayo inaitwa Polaris.

Hapa kuna jambo linalonigusa. Mabaharia wa mwambao waliijua nyota hii, na Kiswahili cha zamani kinaiita jaa, neno lile lile walilotumia kwa upande wa kaskazini. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa huwezi kuiona, kwa sababu tuko kusini ya ikweta na iko chini ya upeo wa macho. Waliosafiri kwa jahazi kwenda Arabuni ndio walioiona ikichomoza mbele yao kadiri walivyopanda juu.

## Mahali na muziki

Ile njia ya miti mirefu iko wapi?

Iko Namiseom, kisiwa kidogo katika mto Bukhan, upande wa Chuncheon. Miti ile ni metasekoya, iliyopandwa safu mbili ikanyooka kwenda juu kama nguzo. Hapo ndipo Joon-sang na Yu-jin wa shuleni walipopanda baiskeli, na theluji ya kwanza ilipoanguka wakatengeneza vimtu viwili vidogo vya theluji na kuvibusanisha kabla wao wenyewe hawajathubutu. Wakorea wana imani ya vijana kwamba ukiwa na umpendaye siku ya theluji ya kwanza, mapenzi yenu yatadumu. Ndiyo maana theluji ya kwanza inarudi tena na tena.

Kisiwa kina jina la jenerali Nam Yi wa karne ya 15. Kilikuwa kilima kando ya mto, kikawa kisiwa maji yalipopanda baada ya kujengwa bwawa la Cheongpyeong mwaka 1944.

Naweza kufika?

Kutoka Seoul unapanda treni ya kuelekea Chuncheon na kushuka Gapyeong, kama saa moja hivi. Kutoka stesheni ni basi au teksi mpaka gatini, na kivuko ni cha dakika chache tu. Pale kisiwani kuna sanamu ya wapenzi hawa wawili. Ukishafika Chuncheon kwenyewe, kula dakgalbi, kuku wa pilipili anayekaangwa mezani pamoja na kabichi, maana mji ule unajulikana kwa chakula hicho.

Na sehemu ya kuteleza kwenye theluji, na nyumba ya mwisho?

Ya kuteleza ni Yongpyong, wilaya ya Pyeongchang, ambako mashindano ya Olimpiki ya baridi ya 2018 yalifanyia baadhi ya mbio za kushuka mlima. Kile kibanda cha juu ya kilele walichokwama usiku wa dhoruba kinafikiwa kwa gari la waya. Nyumba ya mwisho iko Oedo, kisiwa cha bustani karibu na Geoje, kusini kabisa. Kwa hiyo usijipange kuona vyote kwa siku moja. Ni pande tofauti za nchi.

Wimbo ule wa mwanzo unaitwaje?

Jina lake kwa Kiswahili ni "Tangu mwanzo hadi sasa", umeimbwa na Ryu, ambaye pia ndiye wa "My Memory". Na ile piano anayopiga Joon-sang kwenye ukumbi wa shule inaitwa "Mara ya kwanza". Usichanganye: wimbo wa Ryu ni wa watazamaji, piano ni ya wahusika wenyewe, na ndiyo inayomrudisha Joon-sang kidogo kidogo.

## Japani na umaarufu wake

Kwa nini Wajapani waliipenda kiasi kile?

NHK, shirika la utangazaji la Japani, iliirusha kwanza kwenye chaneli yake ya satelaiti mwaka 2003, maombi yakawa mengi, ikarudiwa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2004, kuanzia Aprili hadi Agosti, ikahamia chaneli kuu, Jumamosi usiku baada ya saa tano. Sehemu ya mwisho ilivuka asilimia 20 ya watazamaji eneo la Tokyo na jirani zake, saa ambayo kwa kawaida watu wameshalala. Bae Yong-joon alipotua uwanja wa Haneda Aprili 2004, watu wapatao 5,000 walikuwa wakimsubiri. Wakamwita Yon-sama, na "sama" ni heshima ya juu.

Wengi wao walikuwa wanawake wa makamo na kina bibi. Hao ndio ninaowafikiria zaidi. Mwanamke wa miaka 60 ana mtu aliyempenda akiwa na miaka 17 na hakuolewa naye, na hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake. Tamthilia hii ilimwuliza.

Kuna uzito mwingine pia. Japani iliitawala Korea kimabavu kutoka 1910 hadi 1945, na Korea Kusini yenyewe ilianza kuruhusu burudani za Kijapani kidogo kidogo mwaka 1998 tu. Kwa hiyo mama wa Kijapani kuanza kujifunza Kikorea uzeeni ili amsikie Yon-sama bila mkalimani lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Yale mavazi?

Skafu nene iliyofungwa shingoni, miwani, nywele za kahawia, koti refu. Walioiga walikuwa wengi. Hapa kwetu koti lile lingekuua kwa joto.

## Maswali ya pembeni

CD yangu inaishia wanapoambiwa ni ndugu. Ndiyo mwisho?

Hapana, na pole sana, yalinikuta mimi. Nilinunua CD Kariakoo, ile ya sehemu zote kwenye diski chache, na ilikata Joon-sang alipoambiwa tu kwamba yeye na Yu-jin ni mtu na dada yake. Muuzaji akaniapia kwamba ndiyo mwisho wake, Wakorea wanapenda kumaliza hivyo. Nilikaa miaka miwili nikiamini. Ilipoonyeshwa kwangu siri yenyewe (tazama "Sasa ni ndugu au si ndugu?") nilikuwa na mwanangu mchanga mgongoni, nikasimama sebuleni nikashindwa kuketi. Hesabu sehemu zako. Zikiwa pungufu ya 20, hujaimaliza.

Yangu ina sehemu 20 lakini kuna vipande havimo.

Toleo lililorushwa kwenye chaneli kuu ya NHK lilipunguzwa na kuwekewa sauti za Kijapani, na nakala nyingine zilizosambaa zilitokana na matoleo yaliyokatwa. Desemba 2004 NHK yenyewe ilirusha nzima, kwa sauti ya Kikorea. Tafuta ya KBS yenye sauti ya asili, kwa sababu niliyoieleza kwenye swali la "Yu-jin-ssi".

Kuna ya katuni?

Ipo, ya mwaka 2009, na Bae Yong-joon na Choi Ji-woo waliingiza sauti zao wenyewe. Ni ya waliokwisha kuipenda. Usianze nayo.

Mbona nakumbuka Choi Ji-woo ndiye kipofu, na anakufa?

Hiyo ni tamthilia nyingine, Stairway to Heaven, ya kituo cha SBS, 2003 hadi 2004, akiwa na Kwon Sang-woo. Humo pia kuna wapenzi wa utotoni, ajali ya gari na kupoteza kumbukumbu, ila anayesahau ni yeye, anayepofuka ni yeye, na anayefariki ni yeye. Zimefanana kiasi kwamba kila wiki kuna mtu anayezichanganya.

Nimeimaliza. Nikirudia, niangalie nini?

Rudi kwenye sehemu mbili za mwanzo ukiwa sasa unajua. Nenda pale Joon-sang anapokaribishwa nyumbani kwa kina Yu-jin. Mara ya kwanza wote tulimwangalia Yu-jin, kwa sababu ana furaha na anaongea. Safari hii mwangalie Joon-sang albamu inapofunguliwa. Hasemi kitu. Anaitazama picha, kisha anamtazama Yu-jin anayeendelea kucheka kando yake.